Mbuzi Aliyeliwa Kabla ya Kontra

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Mkutano wa kwanza wa kontra. Nilifika mapema nikapanga viti. Kisha nikavipanga upya. Maneja Dady alinikuta navipanga tena, akacheka.
— Sekretere, viti havitakukimbia!

Ligi ya mkoa imesema msimu huu hakuna leseni bila kontra, mkataba wa maandishi. Mpaka sasa wachezaji wetu wamecheza kwa neno la mdomo. Wakishinda, prime, pesa kidogo ya ushindi. Mwisho wa mwezi, mchele. Wakishindwa — pole. Na mjini wanaitwa maprofesionali! Aganze, mrefu wetu, viatu vyake vimeshonwa kwa waya.

Prezida Yakubu alikaa mbele yao, kanzu nyeupe, simu mbili mezani. Ni mnunuzi wa dhahabu. Ana nyumba Salamabila, kwenye machimbo, ana depo hapa Kasongo, na hii klabu ya basketi anaiita mtoto wake wa mwisho. Si mtu mbaya. Anajua majina ya mama zao wote.

Kapteni Muzaliwa alisema kwa niaba ya wenzake. Wanataka mshahara wa kila mwezi, hata wakishindwa. Wanataka matibabu mtu akiumia. Na msimu ukiisha, mtu awe huru kwenda klabu nyingine.

Prezida: — Mimi niko baba yenu. Mutoto anaandikiana kontra na baba yake?
Muzaliwa: — Baba, hata mutoto akilia njaa, baba anaulizwa.

Wote walicheka. Prezida alicheka kuliko wote. Hakuna kilichokubaliwa.

Mimi niliandika ripoti tu. Kalamu iliteleza kwa jasho. Niko kazini tangu Juni, Dady ndiye aliyeniingiza. Kwetu, upande wa Nyangwe, mimi ni wa kwanza kukaa nyuma ya meza. Baba aliuza mpunga mpaka nikamaliza masomo Kindu. Nikipoteza meza hii, nitarudi nyumbani na uso gani?

Daftari hili hakuna anayelijua. Nikiandika, mikono inatulia.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mkutano wa pili. Prezida ameongeza gunia la mchele na viatu vipya. Mshahara — hapana. Matibabu — "tutaonana mutu akiumia." Aganze alinyoosha mguu wake katikati ya watu. Kifundo bado kimevimba tangu mwezi wa nane. Mama yake, huko upande wa Bukavu, ndiye aliyetuma pesa ya dawa.

— Ameisha kuumia, baba, alisema Muzaliwa. Tuonane basi.

Hapo Prezida hakucheka. Alisema mambo haya yanahitaji kichwa kilichotulia, akapanda pikipiki kwenda Salamabila. Biashara inamngoja. Alipokuwa anaondoka alimwita Dady pembeni, wakazungumza kwa muda. Sikusikia. Nilikuwa nakusanya viti.

Nasikia klabu moja ya Bukavu inamtaka Aganze. Kwa hiyo jambo zito kwa Prezida si mshahara. Ni lile la mwisho, uhuru wa kuondoka.

Jumamosi, 12 Oktoba

Tumeshinda! Timu kutoka Kindu, yenye jezi mpya na kocha mwenye filimbi ya kamba nyekundu. Uwanja wa shule ya misheni ulijaa hadi juu ya ukuta. Ringi ya upande wa kanisa imepinda, wetu wanaijua, wageni hawaijui. Kila mpira wao uligonga chuma ukarudi.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mimi!

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya misa Dady alinipigia simu. Njoo depo. Nilidhani nimekosea kitu katika ripoti, nikaenda mbio. Nikakuta mbuzi amefungwa kwenye nguzo. Dume, mweusi, miguu ya mbele myeupe.

— Prezida ametuma, alisema Dady. Uipeleke kwa watoto. Uwaambie: Prezida anawasalimia kwa ushindi. Basi. Usiongeze neno.

Njia nzima mbuzi alikuwa kati yangu na mwenye pikipiki, akinililia sikioni. Tulipopita sokoni wanawake walipiga vigelegele. "Mahari inapita! Nani anaolewa?" Nilitamani ardhi inimeze.

Uwanjani wachezaji walinizunguka. Nilisema kwa sauti, kama nilivyotumwa: Prezida anawasalimia kwa ushindi. Makofi. Mmoja alimsukuma Aganze nyuma.
— Weye kaa mbali, mbuzi itafikiri uko muti, itakula majani yako!

Muzaliwa peke yake hakucheka. Alishika kamba akaniuliza:
— Dada Darlène, ni kwa ushindi tu?
— Kwa ushindi.
— Haiko na neno lingine?
— Haina.

Ndipo akaachia kamba. Nilishangaa kidogo, mbuzi ni mbuzi. Walimwita kijana wa msikitini achinje, ili wote waweze kula, wa Kristo na wa Mtume. Muzaliwa alinipa kipande cha ini. Nilikula nimesimama, mafuta yakinitiririka mkononi. Siku nzuri. Naiandika ili nikumbuke kwamba zipo.

Jumanne, 15 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Prezida amerudi kutoka Salamabila, tope hadi magotini, uso uking'aa kwa furaha. Akaniita. Andika kontra, akasema. Misimu mitatu. Masharti ya zamani pamoja na lile gunia na viatu. Hakuna kuondoka mpaka misimu iishe.

Niliuliza — sauti ilitoka ndogo — kama wamekubali.

— Walikula mbuzi, alisema.

Nikabaki namtazama. Akanihurumia, akaeleza kama mwalimu.

— Binti yangu, kwenye shimo ya dhahabu hatuna notere wa kupiga muhuri. Mwenye shimo anachinja mbuzi. Mwenye kula ni mutu wa lile shimo mpaka kazi inaisha. Hawezi kwenda kwa jirani. Polisi haiitwi, wachimbaji wenyewe wanamurudisha kwa kumutia haya. Mimi nilianza hivyo, nikiwa kijana, na tumbo tupu. Nilikula mbuzi ya mutu mumoja, nikamuchimbia mpaka mwisho. Kwa hiyo nilimwambia Dady: peleka mbuzi ya kufunga maneno. Wakikataa, warudishe. Hawakurudisha.

Dady alikuwa nyuma ya kiti chake. Ananitazama. Hakukunja uso. Alitikisa tu kichwa polepole, juu chini, juu chini, kama anayemfundisha mtoto kuitika.

— Na weye ndiye ulipeleka, alisema Prezida. Uliwaambia ni ya nini, si ndiyo?

— Nilipeleka, baba.

Ndivyo nilivyojibu. Nilipeleka. Ni kweli. Na si jibu.

Prezida aliridhika. Anaamini. Hilo ndilo linalonitisha: mtu huyu haongopi. Aliyebadilisha neno njiani ni Dady. Alijua wakisikia ni mbuzi wa kontra watamrudisha, na yeye ndiye angepeleka aibu hiyo kwa Prezida, mjomba wake. Kwa hiyo akanipa mimi mbuzi, na neno jingine.

Nimechapa kontra. Mashine ya kuchapisha ilikwama, nikashukuru Mungu. Kisha ikakwamuka.

Jumatano, 16 Oktoba

Wameambiwa. Nilikuwepo, na karatasi zangu mkononi. Hakuna aliyezishika.

— Tulikula mbuzi, hatukukula kontra!
— Wapike na karatasi, basi! Mi nitakula na pilipili!

Mmoja aliuliza kama mifupa akiirudisha atahesabiwa nusu. Walicheka, lakini vibaya. Aganze alikaa chini ya ringi iliyopinda, miguu yake mirefu mbele yake kama si yake. Klabu ya Bukavu inangoja jibu mpaka mwisho wa mwezi.

Nilitegemea Muzaliwa aseme huo ni upuuzi wa Prezida. Hakusema hivyo. Alichimba Salamabila kabla ya mpira, wengine hapa pia, na desturi wanaijua.

— Kwenye shimo iko vile, alisema. Mimi siwezi kusema haiko. Ni sababu gani niliuliza siku ile? Lakini mbuzi inakuja na neno. Mwenye kuileta ndiye anasema ni ya nini. Kama amesema ya ushindi, ni ya ushindi. Ni nyama tu.

Kisha akanigeukia. Wote wakanigeukia.

— Sisi wote tulisikia, dada. Lakini sisi ndio tulikula. Mwenye kula hashuhudii. Ni weye.

Nikasema nina kazi biro, kwenye meza yangu. Nikaondoka! Nusu nakimbia. Nyuma yangu mtu aliita, "Sekretere, umesahau kontra zako!" Karatasi zilikuwa zimebaki juu ya ukuta. Sikurudi kuzichukua.

Alhamisi, 17 Oktoba

Dady alikuja biro, akafunga mlango. Akakaa juu ya meza yangu, juu kabisa ya ripoti zangu.

Hakunipigia kelele. Alisema mimi ni kama dada yake. Alisema ni yeye aliyemwambia mjomba kwamba kuna msichana wa Nyangwe ana akili, tumpe meza. Alisema kuna wenye diploma wengi Kasongo wanaouza vocha za simu barabarani. Kisha akasema mbuzi walikuwa wakipiga kelele siku ile, na vijana walikuwa wanaimba, kwa hiyo inawezekana nilisema "ya kontra" na wao hawakusikia.

— Mbuzi alikuwa mmoja, nilisema.
— Nini?
— Hakuna.

— Nieleweshe, Darlène. Ulisema ao hukusema?
— Nilisema ulivyoniambia.
— Basi. Na mimi nilikuambia ya kontra.

Aliposhuka mezani ripoti zilikuwa zimekunjamana. Nilizinyoosha kwa kiganja mpaka jioni.

Nimempigia baba. Mtandao ulikuwa unakatika. Sikumwambia kitu. Aliniuliza kama nakula vizuri, akasema mpunga wa mwaka huu umesimama vizuri, akasema ananitaja kwa jirani kila siku. Nikasema nakula vizuri.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mama Ernestine, mama yake Muzaliwa, amekuja depo na mbuzi. Jike, mweupe, mnono kuliko yule. Familia za wachezaji zimechanga, za Kasongo na za vijijini, hata shangazi wa mmoja ametoka mbali na baiskeli. Walimfunga mbuzi palepale kwenye nguzo ya yule wa kwanza.

— Muzee Yakubu, alisema, kwetu mwanamuke akikataa ndoa, mahari inarudi. Watoto wetu wamekataa. Mbuzi yako hii hapa.

Prezida alimheshimu. Alisimama, akamwita mama, akamletea kiti kwa mikono yake. Lakini alikataa.

— Mama, siwezi kupokea. Kama watoto walikula wakijua, mbuzi hairudi, wamefungwa. Kama walikula bila kujua, huna deni kwangu, rudi na mbuzi yako, na tutaanza maneno upya, mambo yote matatu mezani. Tukiisha kujua ilienda na neno gani, ndipo tutajua. Siku ya Mungu, kesho kutwa, nyumbani kwangu. Wote waje. Na sekretere aseme mbele ya watu.

Mambo yote matatu mezani. Alisema hivyo, nimesikia kwa masikio yangu. Sasa yote yako katika kinywa changu, mimi ninayeogopa hata kuomba chenji sokoni!

Alipokuwa anamfungua mbuzi wake Mama Ernestine aliniona mlangoni. Nilidhani atanisihi. Niliandaa uso wa kusihiwa.

— Mwanangu, hapana, alisema. Mi sitakuambia useme nini. Una mama yako. Nauliza tu kama utakuja.
— Nitakuja.
— Basi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimefua. Nimepiga pasi blauzi. Nimepiga pasi tena.

Nikisema nilivyosema, Dady ni mwongo mbele ya mjomba wake na mji mzima, na mimi sina meza. Nikisema alivyotaka, hakuna atakayenifukuza. Nitaendelea kuandika ripoti. Kila mwezi nitawapelekea gunia lao, watatia sahihi, wataniambia asante sekretere. Aganze pia.

Leo walifanya mazoezi kama kawaida. Nilipita upande wa pili wa barabara. Nilisikia mpira tu.

Jumapili, 20 Oktoba

Ninaandika hapa hapa, nyumbani kwa Prezida, kwenye baraza. Kila mtu anadhani ni ripoti. Mvua inatwanga mabati, hakuna anayesikia hata jirani yake. Tumekwama, tunangoja.

Niandike kilichotokea kwanza.

Watu ni wengi. Wachezaji wamekaa upande wa ukuta, mstari mmoja, na mama zao nyuma. Mama Ernestine amekuja na mbuzi wake mweupe tena, amemfunga getini. Upande wa pili Prezida, wafanyabiashara wenzake, na wachimbaji wawili wazee kutoka Salamabila wanaojua desturi ya shimo. Dady amevaa suti.

Prezida alifungua kwa heshima. Alieleza mbuzi wake alikuwa wa nini. Wachimbaji wazee walithibitisha, ndiyo, shimoni ni hivyo. Muzaliwa akaeleza jinsi alivyouliza, na jinsi alivyojibiwa. Mchimbaji mmoja akamwambia: — Uliuliza vizuri, mutoto. Mwingine akasema: — Kuuliza ni nusu. Tusikie jibu.

Dady akasimama. Alisema alimpa sekretere neno lote, ya kufunga maneno ya kontra, na sekretere mwenyewe alimhakikishia baadaye kwamba alilifikisha. Alilisema hivyo, wazi, huku ananitazama machoni. Vijana waliguna. Aganze alisimama, kichwa karibu na boriti, na mama mmoja akamvuta shati: — Kaa, helikopta!

Prezida akanyoosha mkono, wakanyamaza.

— Binti yangu, simama. Ulipofika na mbuzi, uliwaambia nini?

Nilisimama. Nilifungua mdomo. Na mvua ikaanguka — si kunyesha, kuanguka — kama mtu amemwaga changarawe juu ya mabati. Nadhani nilisema "Nili—". Prezida aliweka mkono sikioni, akatikisa kichwa, akanionyesha kiti. Ngoja.

Kwa hiyo nangoja.

Kuna mbuzi mwingine jikoni. Harufu imetufikia kabla ya sufuria. Cécilia, mpishi wa hapa, anapita na sahani. Alianza kwa wachezaji. Muzaliwa aliweka kiganja juu ya kifua, akakataa. Wa pili akakataa. Mstari wote! Hata maji. Aganze anaitazama sufuria kutoka juu kwa huzuni ya kweli, lakini mikono ameikalia.

Mimi nimeletewa sahani yangu kabla ya wafanyabiashara. Kabla ya wazee! Wali, mchuzi, nyama nyingi, na juu yake kipande kikubwa cha ini. Sikuomba. Nilipoinua kichwa nilimwona Dady, ng'ambo ya baraza. Amenionyesha kwa vidole: kula.

Sijala tangu chai ya jana. Sahani iko magotini mwangu, nimeweka daftari kando yake. Mafuta yameanza kuganda pembeni. Hakuna aliyeniambia mbuzi huyu ni wa nini.

Nimemuuliza Cécilia alipopita. Ilibidi niseme sikioni mwake. Ni ya nini, mama? Amecheka, akaniambia kwa sauti ya juu: — Nyama ni ya kula, binti! Kisha akaangalia upande wa Dady, na upande wangu, na akaacha kucheka.

Nimemrudishia sahani. Mwenye kula hashuhudii.

— Hata mchuzi?
— Hata mchuzi, mama.

Ameibeba polepole, imejaa, katikati ya baraza, mbele ya watu wote. Wachimbaji wazee wameifuata kwa macho hadi mlango wa jikoni, kisha wakanitazama. Mmoja amemgusa Prezida goti. Dady ameshusha mkono.

Naandika haraka, ona herufi zilivyo.

Mvua inapungua. Sasa nasikia maji ya mfereji. Nasikia mtu anakohoa. Nasikia hata mbuzi wa Mama Ernestine, pale getini. Prezida ameweka simu zote mbili mfukoni, anageuza kiti chake upande wangu —